Majina Tu Ndiyo Yamebadilishwa

Siku ya arobaini ya Bi Salma nilikwenda Nyasubi na nia ya kula pilau, kumwombea marehemu kwa dini yangu, na kurudi nyumbani kabla jua halijazama. Sikwenda kutafuta habari za zamani. Nina umri wa kujua kwamba habari za zamani ukizichokoza haziji peke yake. Lakini nyuma ya nyumba, pale wanawake walipokuwa wakimenya vitunguu saumu juu ya turubai la bluu, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani aliniangalia sana, akasogea kuniachia nafasi, akasema, "Shikamoo, dada Mode." Wanaoniita Mode wamebaki wachache, kwa wengine wote mimi ni Mama Grace, au bibi. Niliitikia marahaba huku nikimtafuta usoni, na alipocheka nikaliona lile pengo la meno ya mbele nikamtambua. Alikuwa Kabula, binti wa Mzee Maganga, fundi seremala niliyepanga chumba nyumbani kwake mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mmoja. Hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya miaka thelathini. Tulishikana mikono yenye harufu ya saumu, tukaulizana habari za watoto na wajukuu, na tulipoyamaliza hayo akainamisha kichwa akasema jambo lililonikata maini. "Dada, siku zote nimetaka nikuone nikuombe msamaha kwa ajili ya baba. Yale mambo aliyokusimulia ukayaandika, yakakuingiza kwenye mkutano wa watu. Angenyamaza, yasingetokea yale."

Niseme wazi tangu sasa, ili msomaji asije akanihurumia bure. Mzee Maganga hakunisimulia hadithi ile. Kila kilichokuwamo kilitoka kichwani mwangu, isipokuwa miguu. Miguu ilikuwa yake. Nilipaswa kumwambia Kabula hivyo pale pale. Badala yake nilichukua kichwa cha saumu nikakimenya punje kwa punje, nikijiuliza kama mwanamke mwenye wajukuu anahitaji kuambiwa ukweli utakaomrudisha kwenye msiba wa baba yake katikati ya msiba wa mtu mwingine. Sufuria zilikuwa ndiyo kwanza zinachemka. Nilikaa nikaukumbuka mwaka mzima.

Nilikuwa mpiga chapa katika steshenari ya Bi Salma, duka la vyumba viwili karibu na soko. Chumba cha mbele kiliuza madaftari, bahasha na kalamu. Cha nyuma kilikuwa na taipureta, meza yenye mguu mmoja mfupi, na mashine ya saiklostaili ya kutolea nakala, ya kuzungusha kwa mkono, ambayo Bi Salma aliipenda kuliko mumewe, na alisema hivyo mumewe akiwepo. Baba yake alikuwa mtu wa pwani aliyefuata biashara ya ngozi, mama yake Msumbwa wa Runzewe. Alipenda kusema kwamba ndugu zake wa pwani walimwona mshamba na wale wa bara walimwona Mswahili, kwa hiyo ameamua kuwa mfanyabiashara. Wateja wetu wengi walikuwa wachimbaji wa dhahabu. Walikuja na vumbi kwenye kope, wakakaa kwenye benchi, wakanitamkia barua za kwenda kwa wake zao: nimefika salama, mwamba bado mgumu, ng'ombe msimuuze. Asubuhi Bi Salma alileta chai ya tangawizi na vitumbua kwenye sahani iliyofunikwa kwa kawa, nasi tulikula tumesimama mlangoni, kwa sababu aliamini kwamba makombo yakiingia kwenye taipureta yanaleta sisimizi, na sisimizi wanaleta makosa ya herufi.

Pamoja na madaftari, duka liliuza vijitabu vya hadithi vilivyoletwa na basi kutoka Mwanza, vyembamba, vya karatasi inayonyonya wino, na kwenye jalada kuna mwanamke anakimbia. Nilivisoma vyote. Karibu kila kimoja kilikuwa na bosi. Bosi haonekani. Amekaa kiti cha nyuma cha gari lenye vioo vyeusi, anavuta sigara, anapiga simu, na mahali fulani mtu anakufa. Ukurasa wa mwisho yupo ofisini, kiti kinageuka na tunaona kumbe ni mjomba, au yule daktari mpole wa sura ya pili. Wasomaji wetu walijua kabisa kwamba kiti kitageuka, na bado walivigombania. Kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini watu wanampenda mtu wa namna hiyo, na jibu nililonalo nimelitoa kwenye zile barua za wachimbaji. Mtu akichimba miezi minne asipate hata punje, na jirani yake akashuka shimo la pembeni akatoka na dhahabu siku ya tatu, anatafuta wa kumlaumu. Bahati haina uso wa kutemea mate. Afadhali awepo mtu, hata akiwa katili, hata akiwa mafichoni, aliyekaa akaamua kwamba wewe usipate. Huyo angalau anakujua kwa jina.

Bi Salma ndiye aliyesema tuchape vyetu. Mashine ipo, karatasi ipo, na wewe mwanangu kila siku unaandika barua za watu kwa maneno matamu kuliko waliyokutamkia. Niliandika viwili, vyote vya bosi wa miwani meusi, na vyote vilikaa kaunta mpaka vikabadilika rangi. Bi Salma hakunificha. Alisema huyo bosi wangu hamtishi mtu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mwenye gari la namna hiyo Nyasubi, na kitu cha kutisha lazima kiwe kimepita mlangoni kwako.

Jioni nilirudi kwa Mzee Maganga. Nyasubi ya siku hizo ilikuwa nusu mji nusu shamba, na mahindi yaliota mpaka ukutani kwa msikiti. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu vya tofali za kuchoma, na kuta za ndani hazikufika kwenye bati, kwa hiyo aliyelala upande mmoja alijua hata ndoto za upande wa pili. Mzee alikuwa mgane. Kabula, wakati huo ana miaka kumi na saba, ndiye aliyepika: ugali wa mtama na nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa yakaungwa kwa karanga, na Jumapili baada ya misa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na maziwa ya mgando. Mimi na yeye tulikula sahani moja. Mzee alikula peke yake kwenye kigoda, ametupa mgongo kwa heshima ya desturi, lakini alisikiliza umbea wetu wote, na mara moja moja mabega yalimtikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Alikuwa mtu wa maneno machache sana. Sijawahi kukaa na mtu ambaye ukimya wake ulinipa raha vile.

Alichonga vitanda na milango kwa ajili ya riziki, lakini moyo wake ulikuwa kwa wanasesere wawili wa mti, mume na mke, warefu kiasi cha mkono, wenye viungo vya kukunjika. Baada ya mavuno, vikundi vya ngoma viliposhindana kuvutia watu, kikundi chake kilimwekea kibanda kidogo cha shuka uwanjani. Mzee alilala chali ndani ya shuka, kamba zimefungwa kwenye vidole gumba vya miguu, mikono ikabaki huru kupiga manyanga. Juu ya shuka mume na mke waligombana, wakanuniana, wakacheza, wakapatana. Kwa kazi hiyo ya miaka mingi vidole vyake gumba vilikuwa vimetoka nje, kila kimoja kikaelekea upande wake, na alipopita uani bila viatu aliacha unyayo usiofanana na wa mtu mwingine. Nilimwuliza siku moja anafanyaje wale wawili waonekane wana hasira kweli, na nyuso zao ni mti. Alisema ukivuta sana wanavunjika. Vuta kidogo, mengine watazamaji watajaza wenyewe. Ndilo somo pekee la uandishi nililowahi kupewa, na nililitumia vibaya.

Wiki ile ile niliandika *Mvuta Kamba*. Chini ya machimbo yote ya dhahabu kuna shimo la zamani lililosahauliwa, na ndani yake amelala mtu chali. Kwenye vidole vya miguu yake zimefungwa kamba zisizoonekana, na kila kamba inapanda mpaka kwa mchimbaji mmoja. Akikunja kidole, mtu anageuka kushoto badala ya kulia, anauacha mwamba wenye dhahabu anafuata mwamba mtupu. Hakuna aliyewahi kumwona. Kinachoonekana ni unyayo tu, asubuhi, karibu na mdomo wa duara, maana hivyo ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao: unyayo wenye kidole gumba kilichotazama nje. Niliuandika unyayo ule nikicheka. Nilidhani ninamtania mzee, na nilikusudia kumsomea siku moja akiwa amekaa kwenye kigoda chake.

Bi Salma aliisoma kwa mkao mmoja, akala kitumbua juu ya taipureta bila kujijua, akasema huyu sasa hata yeye anamwogopa. Halafu akachukua kalamu akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: Kisa hiki ni cha kweli. Majina tu ndiyo yamebadilishwa. Nilimwambia si cha kweli. Alinicheka kwa upole. Alisema vyote vimeandikwa hivyo, hata vile vya kiti kugeuka. Hayo maneno ni kama hodi, huingii nyumba ya mtu bila kuyasema, na hakuna anayeyapima. Ni rahisi leo kumtwisha marehemu mzigo huu, lakini aliyeyapiga chapa ni mimi. Kwenye stensili huandiki kwa wino. Herufi zinatoboa karatasi, na ukikosea kuna rangi nyekundu ya kuziba tundu. Chupa ya rangi ilikuwa pembeni ya mkono wangu. Niliyapiga maneno yote, nukta mwisho, nikazungusha mashine.

Toleo la kwanza liliisha kabla ya wiki. La pili, la kuendeleza kisa, watu walilisubiri mlangoni. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kwenye vibanda vya chai na kule machimboni wakingoja zamu. Mchimbaji mmoja alikuja kuniambia kwamba siku hizi hashuki kabla hajaangalia chini. Mwingine, nikiwa namwandikia barua, aliinama akaninong'oneza: "Dada, wewe unamjua. Si unamjua?" Nilitabasamu. Kama kuna kitu kimoja cha mwaka ule ningepewa nafasi ya kukifuta, pengine ningechagua tabasamu hilo. Nilikuwa msichana wa taipureta ambaye hakuna aliyemkumbuka jina, na ghafla wanaume wenye mapanga kiunoni wananipisha njiani. Walidhani ninajua kitu. Nikawaacha wadhani.

Mavuno yalipokwisha, Mzee Maganga alitandaza shuka lake uwanjani kama kila mwaka. Mimi na Kabula tulikaa mbele. Mume na mke walianza ugomvi wao, watoto wakacheka mpaka wakajiangusha. Ndipo mwanaume mmoja wa machimboni akatoka kwenye umati, akachutama, akainua pindo la shuka upande wa miguu. Akaangalia. Akalishusha taratibu. Hakupiga kelele, alirudi tu akasema na wenzake, na watu wakaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Akina mama wakawavuta watoto kwa mikono. Ndani ya shuka mzee hakujua kitu. Aliendelea kupiga manyanga, na wanasesere wake wakapatana mbele ya uwanja mtupu. Alipotoka, jasho likimtiririka, alisema jua la mwaka huu ni kali, limefukuza watu. Kabula alikubali. Mimi nilikunja shuka nikanyamaza. Nilikwishaelewa.

Mtu mwenye akili angeacha pale. Mimi niliandika toleo la nne, kwa sababu watu walilidai na kwa sababu nilikuwa na kishindo kizuri kichwani: Mvuta Kamba anakunja vidole gumba vyote viwili kwa pamoja, na duara linajifunga na watu ndani. Nilijidanganya kwamba nikimpeleka mbali zaidi kwenye maajabu, watu watakumbuka kuwa ni hadithi. Kisha mvua zikaja. Duara moja liliporomoka, likawafukia vijana wawili wa mtaa wetu. Mvua ilinyesha siku tano mfululizo, na matimba, zile nguzo za kushikilia kuta, yalikuwa yameoza. Mzee Maganga, aliyejua mbao, alisema hivyo msibani, kwa masikitiko. Nadhani kusema kule ndiko kulikommaliza. Watu waliulizana amejuaje hali ya mbao zilizo chini ya ardhi. Pale pale mtu akasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na wengi wakaitikia kwa vichwa.

Sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, waliitisha mkutano Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa shule. Waliitwa wenye nyumba, wafiwa, na mimi. Mabinti hawakuitwa, Kabula alibaki nyumbani. Kamanda wao alikuwa mkulima mfupi mwenye koti zito jeusi, na mbele yake kwenye dawati la wanafunzi vilipangwa vijitabu vyangu vinne. Sijawahi tena kuona kazi yangu imeheshimiwa vile. Alikishika cha kwanza akasoma ile hodi ya Bi Salma kwa sauti, polepole, halafu akasema, "Majina yamebadilishwa. Sawa. Miguu je?" Mtu mmoja alicheka, wakamnyamazisha. Kamanda akanigeukia akaniuliza haya mambo niliyatoa wapi.

"Nilitunga," nikasema, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa dogo.

Wazee wa mbele waligeukiana. Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea chumvi, lakini neno hilo nililijua, kwa sababu Mzee Maganga alilitumia kila alipofunga mbao zake kwenye baiskeli. Kwa Kisukuma, kutunga ni kufunga kwa kamba. Mimi nilisema nimebuni. Wao walisikia nimefunga watu. Kamanda alikuwa amefanya kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui miaka mingi na Kiswahili alikijua barabara, na hadi leo sijui kama hakuelewa au aliona neno limemfaa. Mama wa mmoja wa marehemu alikuwa amekaa chini, hatua mbili kutoka kwangu, khanga imefungwa kiunoni, ananitazama bila kupepesa. Kamanda akauliza tena, akilivuta lile neno kwa matamshi ya kwao.

"Ni wewe uliyetunga?"

Jibu nilikuwa nalo. Ndiyo, ni mimi, hadithi nimeibuni mwenyewe, hakuna aliyemfunga mtu, na miguu ile niliiazima bila ruhusa kwa mzee asiye na hatia. Lingechukua muda mfupi kuliko kupiga chapa mstari mmoja. Niliwatazama wale watu, nikaona mikono yao, nikasema, "Si mimi."

Kwa maana yao nilisema kweli. Kwa maana yangu nilikana kazi yangu mwenyewe, na kama haikuwa yangu, basi yupo aliyenieleza, na niliyoyaandika ni habari. Nilijua hivyo wakati maneno yanatoka. Kamanda aliuliza kama si wewe ni nani. Sikumtaja mtu. Kwa miaka mingi nilijifariji kwa hilo, kwamba sikumtaja mtu. Niliangalia chini tu, kwa aibu, na pale chini palikuwa na miguu ya Mzee Maganga, aliyekaa mstari wa mbele bila viatu. Uwanja mzima ulifuata macho yangu.

Mzee alinitazama. Lugha zote mbili alizijua. Alielewa nilichokuwa nimekisema na nilichokuwa nimekikana. Alisimama, akajifuta magoti vumbi. "Mwacheni binti," akasema. "Kama kuna aliyemwambia, nilimwambia mimi."

Walimtenga. Asiyewahi kuishi na adhabu hiyo anaweza kudhani ni ndogo, maana hakuna anayekupiga. Hakuna kusalimiwa, hakuna kupewa moto wala maji, hakuna kununua mlango kwako, na atakayekuitikia salamu atatozwa ng'ombe. Ulikuwa mji wa watu wa kusalimiana hatua kumi kumi, na mzee alipita katikati yao, huku wote wakitazama pembeni. Siku ile ile ya mkutano, kabla ya magharibi, nilikuwa nimekaa kitandani kwangu nikamsikia akimweleza Kabula upande wa pili wa ukuta. Kabula alikuwa analia, anauliza kwa nini, dada Mode ameyatoa wapi maneno yale. Mzee alimjibu kwa utulivu kwamba alinisimulia yeye, kwa upuuzi wa uzee, kutaka kuonekana anajua makubwa. Kabula alimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii baba yake. Mzee hakujitetea. Kati yangu na wao kulikuwa na ukuta usiofika kwenye bati, na sauti yangu, kama ningeitoa, ingevuka bila shida. Nilikaa nikashika mdomo kwa kiganja.

Bi Salma aliniambia nihamie chumba cha nyuma cha duka, la sivyo na mimi nitatengwa, na alisema kwa mapenzi. Nikahama. Alisema pia kwamba watu wanauliza toleo la tano. Nikaliandika. Naandika hili nikiwa na uso wa moto kama ni jana: niliandika toleo la tano, likapita mengine yote kwa kutafutwa, na ndani yake Mvuta Kamba alifukuzwa na wanakijiji wema. Baada ya hapo mkono ulikataa. Sijaandika hadithi nyingine tangu mwaka ule.

Siku walipoondoka kwenda Runzewe, kwa dada yake mzee, nilikwenda asubuhi kupitia uani ili nisionekane. Kabula alikuwa ametangulia na mzigo kichwani. Mzee alikuwa anafunga sanduku la patasi na misumeno. Nilimwamkia, salamu ya kwanza ya mwezi mzima kwake nadhani, akaitikia marahaba haraka haraka kwa hofu kwamba mimi nitaonekana. Nilianza kusema mzee, siku ile nilitaka kusema, nikaishia hapo. Aliniangalia kwa subira. "Wewe ni mgeni hapa, huna ndugu," akasema. "Wangekugusa wewe ungekimbilia wapi? Mimi nina dada." Halafu akaniomba nimshikie upande wa pili wa sanduku mpaka barabarani, na njia nzima aliniuliza habari za taipureta, kama bado ile herufi ya kusumbua inasumbua.

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka juu ya turubai. Wanawake walikuwa wameinuka kwenda kupakua, dua imekwisha, mimi na Kabula tumebaki na maganda. Nilimwambia. Sikupamba. Nilisema baba yako hakunieleza chochote, nilitunga mimi, na uwanjani niliogopa nikakana, na yeye akanifunika. Kabula alisikiliza akiwa ameshika kisu, hakikati kitu.

"Hata kidogo? Hakukwambia hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Aliniambia kwa kinywa chake."

"Nilimsikia akikuambia," nikasema. "Nilikuwa chumbani."

Aliweka kisu chini. Kisha alianza kuongea akiwa anaangalia maganda, si mimi. Alisema Runzewe hakumaliza mwaka na baba yake. Alikwenda Geita kuwapikia wachimbaji, akaolewa huko, hakurudi. Barua za mzee alizipokea bila kujibu. Mzee alipougua alituma mtu akamwite, na yeye akamjibu mjumbe kwamba haendi, labda baba aombe radhi kwanza kwa mdomo wake uliowafukuza Nyasubi. Baada ya wiki mjumbe alirudi. Mzee anasema amekosa, anaomba radhi, njoo mwanangu. Ndipo Kabula akafunga safari, akakuta kaburi lina siku mbili.

"Aliniomba radhi," akasema. Sasa aliniangalia. "Kwa kosa lako."

Nilinyoosha mkono kumshika. Aliinuka, akaenda kunawa mikono kwenye pipa, akainawa muda mrefu, na alipomaliza akaenda kukaa na wenzake waliokwisharudi na sahani upande wa pili wa turubai.